Jiwe Nililomwekea Bibi Olwen

Kijiko cha chuma kikigonga meno yaliyofungwa hutoa mlio mdogo: ti. Ni kama mtu anabisha mlango kwa ukucha, kwa adabu, na aliyemo ndani hana mpango wa kufungua. Siku hizi sikio langu la kulia limechoka, jirani anaweza kunibishia mpaka akaondoka, lakini mlio wa kijiko kwenye meno ya Bibi Olwen ningeutambua hata katikati ya soko.

Nimeukumbuka kwa sababu ya mmoja wenu. Juzi baada ya ibada alinishika mkono pale mlangoni, macho mekundu kwa zamu ya usiku, akaniambia, "Anti, nina mzee amegoma kula. Nimejaribu kila kitu." Nilimjibu kwa maneno mawili matatu ya kumtuliza, maana watu walikuwa wanapita na chai inapoa. Haya ndiyo majibu kamili, wanangu, kwake na kwenu nyote mnaotunza wazee hapa Birmingham, mnaopanda basi gizani na sare imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki.

Kwanza, kaa chini. Ukimlisha mtu umesimama, anakuona kama mvua inayokuja. Macho yenu yawe sawa. Kijiko kisijae. Kiguse mdomo wa chini, halafu ngoja, usisukume. Mkishaanza, acha kutazama kijiko, tazama koo, maana koo ndilo litakalokuambia kama amemeza au ameficha shavuni. Usimkorogee nyama na kastadi kwenye bakuli moja ili umalize haraka, wewe mwenyewe usingekula. Na mdomo wake ufute kwa kitambaa, usiukwangue kwa kijiko kama wa mtoto mchanga. Alikuwa na heshima zake kabla hujazaliwa.

Hayo yote nilifundishwa na Mama Jasi, na yeye hakufundishwa na mtu ila kwa kulea.

Mama Jasi alikuwa Msikh wa Kisumu. Jina lake halisi nililijua baadaye sana. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Jaswinder, basi sisi tukamwita kama tunavyoita kwetu. Wiki yangu ya kwanza wodini nilikuwa naogopa kila kitu, naogopa hata saa ya ukutani, nikasikia mtu nyuma yangu amegonga kidole cha mguu kwenye toroli ya vyakula, akasema kwa sauti ya chini, "Ona hii gari mjinga." Kiswahili! Nusura niangushe mashuka. Niligeuka nikamwona mama wa makamo, nywele amezifunga kwa kitambaa cheupe, anasugua kidole. Nikamwambia pole. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akaniuliza kama nimekula. Tangu siku ile sikuwa peke yangu tena mjini hapa.

Mimi nilikuwa msichana wa Loitokitok niliyesoma shule ya msingi tu. Nilikuja mwishoni mwa miaka ya sitini na familia ya wamisionari, kulea watoto wao. Watoto walipokua, nikaingia hospitali ya wazee kama msaidizi wa wauguzi. Nilipanga chumba Ladywood, enzi ambazo upande mmoja wa barabara nyumba kuukuu zilikuwa zinabomolewa na upande wa pili maghorofa yanapanda, kwa hiyo hata ukifua nguo zinakauka na vumbi. Ndoto zangu zilikuwa nyingi kuliko nguo zangu. Nilitaka kuwa mwimbaji, kisha mwenye hoteli, kisha mwimbaji ndani ya hoteli yangu mwenyewe. Nikiwa nasafisha dirisha la wodi nilikuwa naimba, na wazee walikuwa wananituza kwa biskuti.

Makosa? Tele. Siku zile mabakuli ya kujisaidia kitandani yalikuwa ya chuma, baridi kama jiwe la mto. Mama Jasi alinionyesha kulipitisha bakuli chini ya maji ya moto, kulikausha vizuri, na kulipaka poda ukingoni ili ngozi ya mzee isinate. Mimi kwa bidii yangu nikalipasha kupita kiasi. Bibi mmoja ambaye daktari alisema hawezi kusogea mwenyewe alisogea, tena upesi. Sista, mkuu wa wodi yetu, alisema huo ndio muujiza wa kwanza kuuona katika wodi ile na asingependa kuuona wa pili.

Leo mna mashine za kuinulia watu, mna unga wa kufanya chai iwe nzito isimpalie mtu. Sisi tulikuwa na mikono yetu na migongo yetu, na mgongo wangu bado unanidai. Siwaonei wivu wala siwacheki. Lakini kuna jambo moja ambalo mashine haikufundishi, nami nililijifunza kwa kumzika mtu mzima akiwa hai.

Kila kiangazi marafiki wa hospitali, watu wa kujitolea, walikuwa wanakodi basi kuwatoa wazee. Mara nyingi ilikuwa baharini. Mwaka huo Sista, mwanamke wa Ireland mwenye mwendo wa askari na moyo wa siagi, akasema bahari imetosha, tutaenda mashambani upande wa Wales, chini ya kilima alikozaliwa Bibi Olwen.

Bibi Olwen alikuwa mdogo wa umbo, msafi, mwenye ulimi. Alitoka kwao akiwa hajamaliza hata kurefuka, akaja kufanya kazi za ndani mtaa wa Edgbaston, hapa mjini, katika nyumba moja kubwa yenye miti. Alipika na kupiga pasi huko mpaka mikono ikapinda. Hakuolewa. Sasa miguu ilikuwa imemkataa na alikaa kitanda cha karibu na dirisha, akijua nani amemwibia nani biskuti na daktari gani amegombana na mkewe. Mimi aliniita "bab", kama watu wa Birmingham wanavyomwita mtu wanayempenda bila sababu kubwa.

Basi lilisimama karibu na kanisa dogo, kwenye nyasi. Tukawashusha wazee kwa viti vyao, tukawafunika magoti, tukamimina chai. Juu yetu kilisimama kilima, na juu ya kilima kulikuwa na kitu ambacho kwa mbali ungedhani ni kichwa cha kilima chenyewe. Mkulima mmoja alikuwa ameegemea lango la shamba lake, mtu mnene wa mashavu mekundu, akatuambia la hasha, lile ni kaburi. Mawe matupu, yamelundikwa na mikono ya watu wa kale wasiojulikana, rundo kubwa kuliko kanisa. Alisema amelala malkia mle, ndani ya gari la dhahabu. Maadui walipokaribia, wanawake wa malkia walibeba mawe kwa aproni zao mchana kutwa mpaka wakamfunika asiweze kufukuliwa. Asubuhi za ukungu, alisema, utasikia askari wanatembea kilimani wakimtafuta, nao hawampati. Wataalamu walikuja kuchimba enzi za babu yake, wakapata mifupa ya ng'ombe na farasi. "Dhahabu hawakuipata," alisema, "lakini chai ya bibi yangu waliimaliza."

Mimi nilisikiliza mdomo wazi. Aproni! Nilikuwa nimevaa aproni. Na nikakumbuka kwa mama yangu, Mmaasai wa Kajiado. Kwao, mtu aliyeheshimiwa akifa hufunikwa kwa mawe, na ukipita pale hupiti mikono mitupu. Unaokota jiwe, unaliongeza. Ni salamu. Miaka inapita, rundo linakua, na yule aliyelala chini haachi kusalimiwa. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa ananiinua ili jiwe langu lifike juu.

Nikawaza, hawa wazee wametoka mbali wamefika chini ya kaburi la malkia, na hakuna hata mmoja atakayepanda kumsalimia. Basi nitawabebea salamu zao. Nikaenda kwenye kijito, nikachagua mawe yaliyolingana na kiganja, nikampa kila mzee lake ashike kidogo lipate joto la mkono wake. Waliouliza ni la nini niliwaambia, shika tu. Bibi Olwen alikuwa amesinzia kwa safari, kidevu kifuani. Nikamwekea la kwake kiganjani, la kijivu lenye mstari mweupe unaolizunguka kama mshipi, na vidole vyake vikajifunga vyenyewe kama vya mtoto. Baada ya muda nikalitoa taratibu nisimwamshe.

Nilipanda na aproni imejaa, napumua kama injini. Upande uliokingwa na upepo kulikuwa na kishimo kati ya mawe makubwa. Nikayapanga humo kwa duara, kila moja kwa jina la mwenyewe kwa sauti. La Bibi Olwen, kwa kuwa yeye ni wa kwao, nililiweka juu ya mengine. Kisha nikaimba kidogo, maana nilikuwa peke yangu na upepo ulikuwa mzuri. Sijui kama nimewahi kufurahi kazini kama siku ile.

Niliposhuka, alikuwa ameamka. Nikampigia magoti kando ya kiti chake nikamsimulia yote, nikamwambia yeye nimemweka juu kabisa, karibu na malkia.

Aliniuliza, "Ulilitaja jina langu?"

Nikasema ndiyo, lote, kwa sauti.

Alifunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni, akarudisha kikombe cha chai kikiwa kimejaa.

Kesho yake wodini nilikaa naye na bakuli la uji. Ti. Mchana, viazi na mchuzi. Ti. Mama Jasi naye akajaribu na mkono wake wa bahati. Ti. Akatufungulia mdomo kwa jambo moja tu, kutuambia kwa upole, "Msipoteze chakula, bab. Mimi nimeshazikwa."

Alinieleza bila hasira, kama anayemweleza mgeni njia ya posta. Chini ya kilima kile, siku ya maziko, jamaa za marehemu walikuwa wanapanda na jiwe moja, wanaliweka juu na kutaja jina, ili malkia amhesabu kati ya watu wake. Baada ya hapo jina limeingia. Hakuna aliyewahi kuwekewa akiwa hai, kwa sababu nani angefanya hivyo? Mkulima hakutuambia kwa sababu desturi ilikuwa imekwisha kufa. Kwa wageni zilibaki hadithi za dhahabu. Lakini Bibi Olwen aliondoka kule kabla haijafa, na moyoni mwake ilikuwa hai kama alivyoiacha. Na maiti, alisema, hali sahani ya walio hai. Maji alikubali, kidogo, kwa sababu ya mdomo kukauka.

Msidhani alikuwa amechanganyikiwa. Alijua siku, alijua jina la waziri mkuu, na alijua kwamba bibi wa kitanda cha pili amevaa soksi zake. Alikuwa na adabu tu, na adabu yake ilikuwa inamuua.

Mimi nikawa nalia kwenye chumba cha mashuka. Desturi ile ile iliyomheshimu babu wa mama yangu, nimeivusha bahari nikamchimbia nayo kaburi mtu niliyempenda. Na kulikuwa na jambo baya zaidi lililokuwa njiani. Daktari alikuwa arudi mwanzoni mwa wiki, na kwa mzee asiyekula, siku zile, dawa ilikuwa mpira wa kumlishia kupitia puani. Nilikuwa nimeona wanavyouingiza. Nilikuwa nimeona mikono ya wazee ikifungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda ili wasiuvute. Nikawa naitazama mikono ya Bibi Olwen iliyopinda.

Mama Jasi alikuwa na ushauri wa haraka. "Wewe Nashipai, sikia mimi. Huko bustani iko mawe mingi. Chukua moja, osha, letea yeye, sema ndiyo hii nimetoa. Kwisha maneno."

Nikamwambia Bibi Olwen alikuwa amelishika, atalijua.

"Alikuwa nalala."

"Mkono haukulala."

Akanitazama, akasonya, lakini hakulirudia.

Nikamwendea Bibi Olwen mwenyewe. Nilikaa, macho sawa, nikamuuliza: mtu akishawekwa, anatolewaje? Akasema hajui, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kutolewa. Lakini kama yupo wa namna hiyo, alidhani angelitoa kwa mkono wake mwenyewe. Jiwe la mtu halichukuliwi na mwingine. Halafu akanipigapiga mkono, akaniambia nisijisumbue, yeye ameishi vya kutosha. Nikamuuliza kama kweli anataka kufa. Aligeuza uso dirishani, na nikaona anajifuta macho.

Nilikwenda kwa Sista nikitegemea kufukuzwa. Alinisikiliza amesimama. Kisha akafunga mlango wa ofisi yake ndogo, akaniambia kwamba kwao Ireland, katika shamba la baba yake, kulikuwa na kichuguu cha watu wa kale, kisichoguswa, na baba yake, mtu wa kanisa, mtu wa kusoma magazeti, alilima maisha yake yote akikizunguka. "Wewe ndiye uliyempandisha," alisema. "Mteremshe. Jumapili wodi ina watu wa kutosha. Na akipata mafua, sikukutuma."

Mume wa Mama Jasi, Bwana Gurdial, alikuwa makanika wa mabasi huko Kisumu. Hapa alifunga milango ya magari kiwandani, milango ya upande mmoja tu, na alikuwa anasema akistaafu atawaomba wamwonyeshe ya upande wa pili. Alikuwa na gari la van. Nilipomwambia kuhusu kilima na kiti cha magurudumu alicheka, akasema kiti kitakwama kwenye nyasi ya kwanza. Akauliza kwetu mgonjwa tulimfikishaje hospitali kabla ya barabara. Nikasema, kwa machela. "Basi," akasema, "hata kwetu Nyanza." Akaazima miti miwili ya hema la sherehe kutoka gurdwara, hekalu lao, na turubai nene. Waliishi ghorofani Castle Vale, na miti haikuingia kwenye lifti, kwa hiyo Jumapili asubuhi aliishusha kwa ngazi akisalimia kila jirani aliyefungua mlango kutazama.

Sikilizeni, hili huenda likawafaa siku lifti ikiharibika. Mtu kwenye machela, ukipanda mlima, kichwa kitangulie mbele. Warefu wakae nyuma, wafupi mbele, ili mgonjwa alale sawa asiteleze. Hatua zisilingane kama za askari. Wa mbele wakianza na mguu wa kulia, wa nyuma waanze na wa kushoto, la sivyo machela inayumba na mgonjwa atatapika. Na anayezungumza na mgonjwa awe mmoja tu.

Tulikuwa watatu, na machela inataka wanne. Tulipofika kwenye lango la shamba chini ya kilima, mimi na Mama Jasi mbele, Bwana Gurdial akihangaika nyuma peke yake na miti yote miwili, yule mkulima alitoka zizini. Aliona kilemba, aliona msichana mweusi mwenye koti jekundu, aliona mama wa Kihindi na sari chini ya koti la mvua, na katikati mtu amefunikwa blanketi. Alivua kofia yake akaishika kifuani, akainamisha kichwa.

Sauti ikatoka kwenye blanketi. "Vaa kofia, kijana. Bado."

Bibi Olwen alimtambua mkulima kwa mashavu, maana alikuwa amesoma na babu yake. Wakaongea lugha yao kwa haraka, na mkulima alikuwa anatutazama mmoja mmoja, kisha akatema mate mikononi akashika mti wa nne.

Tulipanda taratibu. Kwa kuwa kichwa chake kilitangulia, Bibi Olwen alikuwa anatazama tulikotoka, na kila tulivyopanda ndivyo bonde lilivyomfungukia: kanisa, kijito, mapaa, moshi. Mama Jasi akasema, akihema, kwamba malkia mwenye akili angezikwa bondeni.

Kishimo tulikikuta kama nilivyokiacha. Tukamketisha juu ya blanketi, tukamwegemeza kwangu. Hakuniuliza lipi. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye lile lenye mshipi mweupe, akalitoa, akaliweka mapajani. Nikadhani kazi imekwisha.

Hakuonyesha dalili ya kutaka kuondoka. Alikuwa analigeuza jiwe. Kisha akaanza kusema, na nilijua hasemi nami. Alisema mama yake alifariki yeye akiwa Edgbaston, na kwamba wiki ile mama mwenye nyumba alikuwa na wageni, hakuweza kumwachilia. Jiwe la mama yake lilipandishwa na majirani.

"Sijui walitaja jina lake lote au nusu," alisema.

Upepo ulikuwa unavuma. Mkulima akauliza taratibu jina lilikuwa nani. Bibi Olwen akalitaja, lote, majina matatu ya Kiwelsh ambayo siwezi kuyatamka sawasawa na sitayaharibu hapa. Alilitaja akielekea kwenye mawe, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Halafu akaniomba nimsogeze kidogo upande wa kulia, mbali na duara langu, akachagua mwanya kati ya mawe mawili makubwa, na kwa mkono wake uliopinda akalisukuma jiwe lake ndani mpaka likakaa.

Nikamwambia, "Bibi, tulikuja kulitoa."

"Nimelitoa. Sasa nimeliweka mwenyewe." Alipangusa vumbi kwenye viganja. "Aliyewekwa na watu anaitwa. Aliyejiweka mwenyewe huja akimaliza shughuli zake."

Mkulima akakuna kichwa akauliza kama hiyo ni desturi ya pale, maana hakuwahi kuisikia.

"Kuanzia leo," alisema Bibi Olwen. "Kuna nini cha kula?"

Hospitali walitupa sandwichi za mayai. Alizitazama akasema hizo wapewe waliozikwa. Mama Jasi akafungua kitambaa chake: chapati za viazi, bado zina uvuguvugu, na achari ya ndimu. Bibi Olwen alimega, akachovya, akatia mdomoni. Mimi nilikuwa natazama koo. Lilishuka, likapanda, likashuka. Machozi yakamtoka kwa pilipili, akauliza ndimu ile ilikuwa imekosa nini mpaka wakaifanyia hivyo. Kisha akamega tena. Mama Jasi aligeuka upande wa pili akajifanya anatafuta kisu.

Jumatatu daktari alimkuta anagombana na uji wake. Alikula wodini pale kwa miaka mingine, akiisema vibaya kastadi kila siku, na alipokwenda, alikwenda kwa wakati wake.

Lakini kushuka siku ile kulikuwa na shauri. Machela ikishuka, miguu hutangulia, na Bibi Olwen akasema kwamba miguu mbele hutoka maiti tu na yeye siye. Hata kwetu ni hivyo, sikuwa na la kubisha. Tukaikunja machela. Bwana Gurdial na mkulima wakashikana vifundo vya mikono, kila mmoja akishika chake na cha mwenzake, wakatengeneza kiti. Mjifunze kiti hicho, ni imara kuliko mnavyodhani. Tukamketisha, mkono mmoja shingoni mwa mkulima, mwingine umeshika kilemba cha Bwana Gurdial, ambaye alimwomba kwa unyenyekevu ashike bega. Mama Jasi akabeba miti. Nikawaambia watangulie, nitakunja blanketi.

Nilisikia vicheko vyao vinapungua mteremkoni. Blanketi nililikunja, nikalibana kwapani. Mawe ya wale wazee wengine yalikuwa bado kwenye kishimo, duara lile lile nililolipanga kwa furaha, ila pengo la moja. Hakuna hata mmoja wao aliyelalamika. Wengi walikuwa wameshasahau kwamba walishika chochote. Nilisimama nikayatazama. Kisha nikapiga magoti, nikaanza kuyaokota, moja moja, nikitaja jina la mwenyewe kwa sauti ya chini, nikayatia mifukoni mwa koti langu jekundu mpaka mishono ikaanza kulalamika. Nikateremka nayo polepole, mabega yanavutwa chini, kwenda kuwauliza wenyewe kama walitaka kuwekwa.